Kuku wa Baba Kwenye Rafu ya Vichekesho

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu, mkasi mkononi, mteja wangu wa gauni la zambarau akimlilia baba yangu kama kuku. Ko-ko-ko-kooo! Dirishani kwangu, mchana kweupe.

Kama hukusoma, nakupa kwa ufupi, maana leo sina subira hata chembe. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni, dirisha linatazama barabara. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, humu ndani anaonekana kwa nadra kuliko fundi bomba. Baba, mpima ardhi mstaafu, nakaa naye tangu kumbukumbu zianze kumkimbia.

Jina langu limeshamtoka. Anasahau kama amekula. Lakini kila jua likianza kupoa anavaa kofia yake ya kazi, anasimama dirishani, anapiga mluzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, halafu ananiuliza: “Kipusa ameshaingia ndani?”

Nami namjibu: “Ameshaingia, baba. Tumemfungia.”

Anatulia, anavua kofia, anakaa. Kipusa ni kuku aliyemfuga utotoni. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniambia hivyo.

Nikaanzisha blogu ya kuwasaidia wanaolea wazee wanaosahau. Usibishane naye, niliandika, nikatoa mfano wa baba na Kipusa wake. Mjibu, mtulize, endelea na kazi yako. Hakuna aliyesoma. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi simu tunayemwita Chaji, akaniambia, “Niachie mimi.” Wasomaji wakamiminika. Nami, naungama, nilicheza peke yangu mbele ya cherehani kwa furaha.

Sasa turudi kwa huyu mama wa zambarau.

“Unamlilia nani kuku?” nikamuuliza.

“Jamani dada fundi, mbona umekasirika? Si wewe mwenyewe uliyemwandika tucheke?”

“Nilimwandika mcheke?”

“Si yuko kwenye Vichekesho! Mimi nimemhifadhi. Dada yangu kamhifadhi. Ofisini kwetu kila mtu akitoka kwenda chooni tunamuuliza, Kipusa umeshaingia ndani?”

Akacheka mpaka pini nilizomchomeka kiunoni zikaanza kuchomoka.

Nilitaka kumjibu. Lakini baba alikuwa ameshafika dirishani, kofia kichwani, vifungo vya shati vimepishana. Ule mlio wa kuku ndio uliomtoa chumbani. Alimtazama yule mama kwa adabu zake zote za zamani.

“Mama, samahani,” akasema. “Umemwona? Ni mdogo, hajui njia.”

Yule mama akaangua kicheko tena. Mbele yake! Mzee wa watu anaomba msaada, yeye anashika mbavu!

Nilimvua lile gauni, jamani. Sikumngoja avue. Nikamkabidhi upindo umeshonwa upande mmoja, upande wa pili unaning'inia, nikamwambia akamaliziwe na hao wa ofisini kwake. Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikioni.

Sikuwa na wa kumwachia baba, nikamshika mkono tukaenda naye kwa Chaji. Njia nzima anasalimia watu. Na njia nzima naona watu wakiitika huku wakibana midomo.

“Chaji! Toka humo!”

Akatoa kichwa katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo. “Shemeji wa nguvu! Na mzee wetu! Karibuni, kigoda hicho.”

“Sikuja kukaa. Vichekesho ni nini?”

Bisibisi ikamponyoka. Hapo nikajua anajua.

“Shemeji, nisikilize kwanza, halafu unichinje.”

“Sema haraka.”

“Si nilikueleza ile mitandao ya kuhifadhi kurasa? Mtu akipenda ukurasa, haufichi kwenye simu yake, anauweka kule hadharani, watu wote waone. Anaupa lebo. Afya, Magari, Ushonaji. Anayetafuta mambo hayo anapita kwenye lebo, anaukuta. Ukihifadhiwa na wengi unapanda juu. Ukipanda juu, watu wanabonyeza, wanatua kwako.”

“Hayo najua. Nimeuliza Vichekesho.”

“Sasa, sisi wenye blogu tuna kikundi chetu cha kubebana. Kila asubuhi kila mmoja anahifadhi kurasa za wenzake. Mwenye blogu ya magari anakuhifadhi wewe, mimi namhifadhia yeye.”

“Na wanasoma?”

“Nani ana muda wa kusoma, shemeji?”

Nyie! Nilishika ukingo wa meza yake nisije nikashika kitu kingine.

“Kwanza nilikuweka Afya,” akaendelea, macho chini. “Ukadoda. Kule kumejaa madaktari wanasomana wenyewe kwa wenyewe. Nikakuweka Malezi, kule wanataka vichanga. Nikakumbuka ile makala ya kuku. Nikasema, kuku anachekesha. Vichekesho ndiko waliko watu, shemeji. Nikakibadilisha na kichwa cha habari kidogo tu.”

“Kidogo vipi?”

Akaokota bisibisi yake. “Babu Mpima Ardhi na Kuku wa Hewani.”

Kuku wa hewani! Mtu aliyepima nusu ya viwanja vya mji huu, watu wamejenga, wamezaa, wamezikana humo, leo ni babu wa kuku wa hewani! Nilimtukana Chaji matusi ambayo mhariri wa gazeti hili hatanikubalia kuyaandika. Wateja wake wawili wakaacha simu zao wakaondoka.

Baba, aliyekuwa ameshakaa kwenye kigoda, akainua kichwa. “Mnagombania mpaka upande gani?”

“Hatugombani, baba.”

“Tafuteni jiwe la mpaka kwanza,” akasema. “Mkishaliona jiwe ndiyo mgombane.”

Chaji akataka kucheka. Nikamtazama. Kicheko kikarudi kilikotoka.

“Mwondoe baba yangu huko,” nikamwambia. “Sasa hivi.”

“Niliyoweka mimi naiondoa hata sasa.” Akabonyeza, akanionyesha, imetoka. “Ila za wenzangu kila mmoja ameweka kwenye rafu yake. Siwezi kuingia nyumbani kwa mtu nikachukua kitu. Na shemeji, kikundi ni watu wachache tu. Wengi ni wapita njia. Walicheka, wakahifadhi, wakaitana.”

Hapo hapo simu yangu ikaita. Ni kaka yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu anakuja mara chache na anaondoka baada ya hotuba. Ni meneja wa ghala.

“Wewe mtoto una wazimu?” ndiyo salamu yake. “Wapakiaji wangu wanalia kama kuku ghalani! Baba yangu anachekwa na wapakiaji!”

“Kaka, hata mimi nimejua leo. Ni makosa ya lebo.”

“Sijui lebo, sijui nembo. Futa blogu yote. Kesho jioni nakuja kumchukua baba. Nimeshaongea na ile nyumba ya wazee.”

“Humchukui!”

“Umemuuza sokoni, halafu unaniambia simchukui?”

Akakata.

Nitawaeleza kwa nini sikukubali, maana kuna watu watasema, si angepumzika huyu dada? Baba yangu hajui mimi ni nani. Anajua cherehani. Mlio wake ukianza, anakaa, anakula, anasinzia. Ukikatika muda mrefu, anaanza kuhangaika. Mwaka huu tulimpeleka kwa huyo huyo Mheshimiwa, alale siku chache tu nami nipumzike. Hakutia kitu kinywani. Alikesha anapima kuta kwa viganja, anatafuta mlango, mpaka wakanipigia nikamfuate. Mtu wa hivyo unampeleka kwa wageni? Si ndiyo kumzika anapumua?

“Chaji,” nikasema, “mlimbeba baba yangu mkampeleka jalalani?”

“Shemeji, samahani, kweli.”

“Samahani yako kaangie mayai. Mlimbeba kwenda, mtambeba kurudi. Niunganishe na hicho kikundi chenu.”

Akaniunganisha. Nikawatumia sauti, sikuandika, nilitaka wanisikie. Nikawaambia: mimi ndiye mwenye yule mzee wa kuku. Si kichekesho, ni baba yangu, na kesho jioni ananyang'anywa kwangu kwa sababu yenu. Kila mmoja aondoe alichoweka. Kisha ahifadhi upya, kwa kichwa cha habari changu mwenyewe, kwenye lebo ya Kulea Wazazi. Na kabla ya kuhifadhi, asome! Asome mpaka mwisho! Atakayehifadhi bila kusoma nitamjua.

Ningemjua vipi? Nilikuwa natisha tu. Lakini waliogopa.

 Halafu yule wa magari akajibu: “Mbona wasomaji walipokuwa wanakuja hukulalamika?”

Moyo ulinichoma, kwa sababu ni kweli. Niliona idadi ikipanda nikacheza, sikuuliza wanatoka wapi.  Nikamshika baba mkono tukarudi nyumbani, nikakalia cherehani kwa hasira mpaka uzi ukawa unakatika kila mara.

Kesho yake asubuhi simu ikaanza kutetemeka.

Wa kwanza ni huyo huyo wa magari. “Nimesoma yote, fundi,” aliandika. “Mama yangu anaficha funguo za gari kwenye unga. Nilikuwa namgombeza. Nisamehe.” Akaondoa cha zamani, akahifadhi upya kwenye Kulea Wazazi.

Akafuata mwenye blogu ya bustani. Akafuata mwenye blogu ya nywele. Mmoja alikataa katakata, akasema vichekesho vinampa watu na yeye hana baba wa kulea. Huyo wenzake walimtoa kwenye kikundi kabla sijafungua mdomo.

Ile mitandao ina kijinafasi chini ya ukurasa, anayehifadhi anaweza kuacha maneno mawili matatu. Kwenye Vichekesho pale palikuwa pamejaa ko-ko-ko na picha za majogoo. Kwenye Kulea Wazazi palianza kujaa mambo mengine kabisa. Mtu baba yake kila siku anangoja treni iliyoacha kupita. Mtu bibi yake anamwita kwa jina la adui yake. Wengine walikuwa wanauliza: leo wangu kakataa kuoga, nifanyeje? Na wageni wanawajibu, watu wasiojuana!

Kufikia mchana Chaji alikuja mbio, simu juu, jasho linamtoka. “Shemeji! Tumewapita! Ukitafuta jina la blogu yako sasa, inayotangulia ni ya Kulea Wazazi. Kuku amezama!”

“Usiseme kuku mbele yangu.”

“Nisamehe. Amezama... yule.”

Nikacheka, ndiyo, hasira zangu zote zile nikacheka. Nikampa Chaji chai. Nikajisemea, sasa Mheshimiwa aje. Nitamwonyesha haya. Atasoma kwa macho yake, ataona baba yake anasaidia watu, aibu itamtoka na mzee atabaki.

Mheshimiwa akafika jua linapoa. Hakuketi. Shati limenyooshwa, mto mpya kwenye mfuko wa plastiki mkononi.

“Vitu vyake viko wapi?”

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Vitu vyake viko wapi?”

“Kaka, kaa. Kuna kitu nataka ukione.” Nikamsogezea simu. “Ile ya vichekesho imeshuka. Soma watu wanavyosema.”

Hakuangalia. “Umefuta blogu?”

“Sijafuta. Sababu ya kufuta imekwisha. Soma kwanza.”

“Nimekwambia ufute yote!”

“Mheshimiwa,” Chaji akaingilia, “kweli nakwambia, hakuna tena anayecheka. Hata wapakiaji wako ukiwaonyesha hii...”

“Wewe fundi simu nyamaza! Haya ni mambo ya damu.”

Hapo nikapandwa na mori. “Ya damu? Damu yako iko wapi mwaka mzima? Nani anambadilisha nguo? Nani anamjibu kila jioni swali lile lile? Wewe unaleta mto!”

“Futa blogu, nimwache baba.”

 Sikutegemea. “Umesema?”

“Ifute sasa hivi, mbele yangu, kila kitu kinachomtaja Kipusa. Baba abaki.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa anaomba.

Chaji na mimi tukatazamana. Jana shida ilikuwa wapakiaji wanacheka. Leo hakuna anayecheka, na bado anataka ifutwe. Kwa baba kubaki ningefuta hata jina langu. Nikachukua simu, nikaifungua, kidole kikatangulia. Ila kama mtu anayeaga, nikapitisha macho kwenye maneno ya watu mara ya mwisho.

Kulikuwa na jipya. Limeingia wakati tunagombana. Limeandikwa na mtu asiyetumia jina, chini ya makala yangu, kwenye Kulea Wazazi.

Nikalisoma kwa sauti, maana sikuelewa nilichokuwa nasoma mpaka nilipofika mwisho.

“Nilimkuta huyu mzee kwenye Vichekesho, nikacheka na wenzangu. Leo nimekuta ukurasa wake umehifadhiwa tena huku, nikasoma mpaka mwisho. Nimelia. Dada, Kipusa si kuku. Kipusa ni mimi. Baba alikuwa anakuja kupima kwetu, anakaa miezi, anaondoka, anarudi. Jua likipoa alisimama mlangoni kwa mama akaniita kwa mluzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mluzi hukuuandika, kwa hiyo muulize kama nasema uongo. Siku moja alikuja kijana wake mkubwa, akamwambia mama kwamba baba amefariki, tusimtafute.”

Ule mluzi sikuuandika. Ni kweli, sikujua mluzi unaandikwaje.

 Chaji alikuwa ameweka kikombe chini polepole. Mimi nilimgeukia kaka yangu, kijana mkubwa wa baba yangu, na nikangoja aulize. Mtu yeyote angeuliza. Huyu ni nani? Anasema nini? Ametoka wapi?

Hakuuliza.

“Zima hiyo simu,” akasema.

“Wewe ndiye uliyeniambia ni kuku,” nikamwambia. Nilikuwa na hasira mpya kabisa, hata ya jana kwa Chaji ilikuwa mchezo. “Nimemjibu baba uongo kila siku, kwa kinywa changu, kwa sababu yako!”

“Nilikuwa kijana. Mama yetu alikuwa analia. Zima simu.”

Nyuma yetu kiti kikalia. Baba alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akivaa kofia. Akapita katikati yetu, kati yangu na kaka, hakutusukuma, alituzunguka kama anavyozunguka meza, akaenda dirishani kwake.

Akapiga mluzi. Mmoja mrefu. Mmoja mfupi.

“Kipusa ameshaingia ndani?”

Jibu ninalo, nimelizoea, linatoka lenyewe hata nikiwa na pini mdomoni. Nikafungua kinywa. Simu ilikuwa bado inawaka mkononi, maneno yake yako pale pale. Nikamtazama kaka, nikidhani labda yeye atasema. Alikuwa ameukumbatia ule mto, macho yake sakafuni.

Baba akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

“Mbona hamnijibu?” akauliza.